Mwani wa ndani ya matumbawe: yanayodhaniwa na yaliyopo

Ukitaja mwani pwani yetu, watu huona vigingi na kamba za Paje, maji yamekupwa na akina mama wameinama wanavuna. Mwani ninaouzungumzia hapa ni mwingine kabisa. Ni kiumbe cha seli moja, upana wake kama sehemu moja ya mia ya milimita, nao huishi ndani ya nyama ya tumbawe. Hata ukoo wake si ule wa Paje. Kwa kuwa hauonekani kwa macho, umezushiwa mengi.

"Ni spishi moja tu."

Kosa hili walikuwa nalo hata wanasayansi. Mwaka 1962 Hugo Freudenthal aliuita *Symbiodinium microadriaticum* mwani uliotoka kwenye konyeza, na kwa miaka mingi ikachukuliwa kwamba ndio huohuo kila mahali. Siwalaumu sana: chini ya hadubini yote ni vidonge vya kahawia, vya mviringo, vinavyofanana kama punje za mtama. Mwaka 1991 Rowan na Powers walisoma jeni zake, wakakuta tofauti kubwa mno. Ndipo makundi yakapewa herufi: A, B, C, D na kuendelea. Mwaka 2018 timu ya Todd LaJeunesse iliyageuza makundi hayo kuwa jenasi kamili, yaani kila moja mkusanyiko wa spishi za karibu. A ikabaki na jina la *Symbiodinium*, B ikawa *Breviolum*, C *Cladocopium*, D *Durusdinium*. Familia nzima wakaikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 160 hivi, enzi za dinosaria. Makadirio ya awali hayakufika hata nusu ya hapo.

"Ukishasoma jeni, kuhesabu spishi ni rahisi."

Laiti ingekuwa hivyo! Kipande cha DNA kinachosomwa zaidi huitwa ITS2, na seli moja huweza kuwa na nakala zake mamia, hata maelfu, zisizolingana zote. Ukiifanya kila nakala tofauti kuwa spishi, seli moja inageuka kijiji kizima.

Kosa la upande wa pili, la kuziona spishi tofauti kuwa moja, lipo pia, na mfano wake umo Ghuba ya Uajemi. Pwani ya Abu Dhabi bahari hupita nyuzi 34 za Selsiasi wakati wa kiangazi, na matumbawe yapo. Mtu angetarajia kukuta kundi D, linalosifika kwa kuhimili joto. ITS2 ikajibu "C3", aina ya kundi C iliyodhaniwa kuwa dhaifu mbele ya joto. Kipimo kingine, cha jeni za kloroplasti, ndicho kilichoonyesha kwamba huyu si C3 wa kawaida. Alitangazwa mwaka 2015, na leo anaitwa *Cladocopium thermophilum*.

"Tumbawe likipauka limekufa."

Bado. Weupe ule ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama iliyopoteza mwani wake. Maji yakipoa mapema, mwani huongezeka tena. Yakichelewa, tumbawe hufa njaa, maana chakula chake kingi hutoka kwa mpangaji huyo. Mwaka 1998 maji yalichelewa kupoa, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa.

"Mwani huu wote hauwezi kuishi bila mwenyeji, yaani mnyama wa kuishi ndani yake."

*Effrenium voratum*, wa familia hiihii, huishi baharini peke yake, hana mwenyeji. Tuendelee.

"Basi matumbawe yote yapewe mwani sugu."

Hili husemwa na watu wenye nia njema. *Durusdinium* limetokana na neno la Kilatini *durus*, gumu, na baadhi ya spishi zake zinastahili jina hilo. Lakini ugumu una bei. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2004, matumbawe machanga ya *Acropora* yenye mwani wa kundi C yalikua kwa kasi mara mbili hadi tatu kuliko yenye kundi D. Na tumbawe changa linalodumaa hubaki dogo kwa muda mrefu, katika umri uleule ambao ni rahisi kufunikwa na magugu ya bahari au kuparwa na samaki.