"Walichomwa": Kusikiliza Ushuhuda wa Majirani wa Jedwabne

Kila Januari 27 inapokaribia, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2005 kuwakumbuka waliouawa katika Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, walimu hutuandikia sisi tunaohifadhi rekodi za mashahidi, wakiomba ushuhuda wa kusoma darasani. Safari hii yamekuja pia malalamiko: kwa nini tunahifadhi maneno ya watu "waliosimama tu wakatazama"? Baadhi ya wasomaji wameenda mbali zaidi, wakajaza wenyewe watenda pale shahidi alipoacha kuwataja. Hilo halikubaliki.

Chukueni Jedwabne, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Poland. Julai 10, 1941, Wayahudi wa mji walikusanywa uwanjani, wakadhalilishwa, kisha wakafungiwa ghalani na ghala likatiwa moto. Waliotenda ni majirani zao Wapoland, kwa uchochezi wa Wajerumani. Uchunguzi wa Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland ulikadiria kuwa waliouawa hawakupungua 340, na wanaume walioshiriki hawakupungua 40. Mji ulikuwa na watu wengi kuliko hao 40. Hao wengine ndio watazamaji.

Kipolandi kina umbo la kitenzi lisilomtaja mtenda kabisa: spalono. Kwa Kiswahili tunaandika "walichomwa", na papo hapo unabaki na swali: na nani? Shahidi anaweza kukueleza duka la jirani lilikuwa upande gani wa uwanja na watoto wake waliitwa nani, lakini akifika mlangoni pa ghala, mtenda anatoweka. Mfasiri haruhusiwi kuongeza "na Wajerumani", wala "na Wapoland". Pengo lile ni sehemu ya ushuhuda. Ukiliziba, umefuta jambo pekee ambalo shahidi alikuwa anakuonyesha bila kutaka.

Jiwe la kumbukumbu la Jedwabne nalo sasa lina pengo hilohilo. Kwa miongo kadhaa jiwe la awali lilitaja mtenda waziwazi, tena kimakosa: Gestapo, yaani polisi wa siri wa Kinazi, na askari wa Hitler, kwamba walichoma watu 1,600. Liliondolewa mwaka 2001. Jipya linawakumbuka Wayahudi, wanaume, wanawake na watoto, waliouawa na kuchomwa wakiwa hai mahali hapo. Na nani, halisemi. Wala isidhaniwe kwamba mji haukujua: mwaka 1949 washtakiwa 22 walifikishwa mahakamani katika mji wa Łomża kwa mauaji hayo. Aleksander Kwaśniewski, rais wa Poland wakati huo, alipoomba radhi pale Julai 10, 2001, wakazi wengi walibaki majumbani.

Sasa utaratibu. Ombi litaje namba ya rekodi, dakika ya kuanzia na ya kumalizia, na matumizi yaliyokusudiwa. Kipande kisikatwe katikati ya jibu. Swali la mhoji lisomwe pamoja na jibu lake. Jina la mtu aliyetajwa na shahidi lisitangazwe bila idhini yetu ya maandishi, hata kama shahidi mwenyewe alilitamka.

Tahadhari hii ina sababu. Sheria ya Poland ya Desemba 18, 1998, kifungu cha 55, inatoa faini au kifungo kisichozidi miaka 3 kwa anayekana hadharani uhalifu wa Kinazi. Kifungu cha 55a, kilichoongezwa mapema 2018, kilitishia kifungo hichohicho kwa anayelibebesha taifa la Poland lawama za uhalifu huo; sehemu ya jinai ikaondolewa Juni mwaka huohuo. Njia ya madai, yaani kesi isiyo ya jinai, ingalipo. Februari 2021 mahakama ya Warsaw iliwaamuru wanahistoria wawili waombe radhi kwa walichoandika kuhusu mkuu wa kijiji cha Malinowo wa wakati wa vita. Mwezi Agosti mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo. Nawaomba, msichanganye mambo haya: kusikiliza watazamaji si kuwasafisha, na si kuwashtaki.

Mwalimu akiniuliza aanze na nani, humtaja Antonina Wyrzykowska wa Janczewko, karibu na Jedwabne. Yeye na mumewe waliwaficha Wayahudi saba hadi vita vilipopita pale. Baadaye alipigwa kwa sababu hiyo, akalazimika kuhama. Waliompiga walikuwa watu wa hapohapo, na wanafunzi wakifika hapo hawana budi kuuliza kwa nini mji uliweza kuishi na neno "walichomwa", ukashindwa kuishi na Antonina.