Je, wajua kwa nini pesa za lishe hazionekani kwenye bajeti?

Kila Juni, waziri wa fedha anapoisoma bajeti bungeni, wenye matatu hutegea sikio ushuru wa mafuta, na walimu mishahara yao. Anayengoja kusikia fungu la lishe atangoja sana. Kenya haina wizara ya lishe. Pesa zake zimetawanyika: matone ya vitamini na wataalamu wa lishe wako chini ya afya, mbegu chini ya kilimo, chakula cha shuleni chini ya elimu, nazo ruzuku za familia maskini ziko kwingine kabisa.

Katiba ya 2010 ikazigawa tena. Mtoto wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, akipelekwa kliniki yuko mikononi mwa kaunti, na akiingia chekechea bado ni wa kaunti. Akifika gredi ya kwanza, amekuwa wa serikali kuu. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, ila hakisemi ni mfuko upi utakaolipa.

Ndiyo maana Dishi na County, mpango ambao Nairobi ilianzisha mwaka 2023 pamoja na shirika la Food4Education, ulizua maswali tangu mwanzo: kaunti ina mamlaka gani ya kuwalisha watoto wa shule za msingi? Watoto wenyewe hawakungoja jibu. Mtoto anagusisha bangili yake ya kielektroniki kwenye kifaa, mlo unarekodiwa, anapokea sahani ya wali na ndengu. Mzazi anachangia shilingi 5, pesa ambazo siku hizi ni vigumu kupatia hata andazi la kibandani. Zinazobaki hulipwa na kaunti na washirika wake.

Mimi naupenda mpango huu. Lakini tukubali kwamba sahani ya wali hupigika picha vizuri, na mwanasiasa anapenda kinachopigika picha. Kudumaa, kule kubaki mfupi kuliko umri kwa kukosa lishe, huanza mapema zaidi, katika siku 1,000 za kwanza tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka 2. Mtoto huyo hana sare wala bangili. Yumo mgongoni mwa mamake.

Huduma yake haina kishindo. Kliniki, muuguzi anakata ncha ya kidonge laini cha vitamini A kwa mkasi na kukikamulia mdomoni mwa mtoto: cha buluu akiwa na miezi 6 hadi 11, chekundu kuanzia mwaka mmoja, kila baada ya miezi 6 mpaka afikie miaka 5. Anamzungushia mkononi utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5 kimeangukia kwenye nyekundu, na mtoto anaanzishiwa pakiti za rojo nzito ya karanga ya tiba.

Sehemu kubwa ya vidonge na pakiti hizo imekuwa ikiletwa na wafadhili, mara nyingi kupitia UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Msaada unaokuja kama bidhaa, si kama fedha, huweza kupita kando ya vitabu vya Hazina ya Taifa, na kisichoandikwa humo mbunge hawezi kukipigania. Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, ndipo wengi walipotambua kwamba kulikuwa na bili ambayo hatukuwa tukiilipa.

Na si kwamba kazi hii haizai matunda. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ulikuta asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa mwaka 2014. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 18.

Sheria inaitaka kaunti isikize maoni ya wakazi kabla bajeti haijapitishwa. Ukienda kikao hicho, usihangaike kutafuta neno lishe kwenye kurasa zile. Fungua sehemu ya afya, uulize ni wataalamu wangapi wa lishe wataajiriwa, kisha uulize vidonge na pakiti za karanga zimetengewa shilingi ngapi za kaunti yenyewe.