Sikoseli: himoglobini zinashikania wapi, na kwa nini pale?

Katika kliniki za sikoseli hapa Kampala mzazi hukabidhiwa karatasi yenye herufi mbili, SS (ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) au AS (amerithi upande mmoja tu), na foleni inasogea. Haya ni maswali wanayoulizana wazazi huko nje, kwenye benchi.

SS ni tatizo la kitu gani hasa?

La himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Ina minyororo minne iliyojikunja: alfa miwili, beta miwili. Kila beta ina asidi amino 146, yaani vipande vidogo vinavyounda protini. Kwa mtoto wa SS, ya 6 tu ndiyo tofauti: badala ya glutamiki ipo valini.

Moja tu? Na mwanangu vidole vimevimba hadi hashiki kikombe!

Pole, mama. Ubaya ni mahali ilipokaa. Nafasi ya 6 iko nje kabisa, kwenye uso wa protini, inapogusana na jirani. Glutamiki hupatana na maji. Valini huyakwepa na kutafuta pa kujificha. Na pa kujificha papo: beta ya himoglobini ya jirani ina kishimo ambacho nacho hukwepa maji. Valini huingia humo kama kifungo kwenye tundu lake. Jirani hushikwa na mwingine, huyo na mwingine, hadi unatokea uzi mgumu unaoipinda chembe nzima kama mundu. Chembe za namna hiyo huziba vimishipa vya damu, vya vidoleni vikiwemo.

Mbona siku nyingine anacheza vizuri tu?

Himoglobini hubadili umbo. Ikiwa na oksijeni, minyororo husogea na valini haipati pa kuingia. Ikishaiachia, kishimo huwa tayari. Hata hivyo nyuzi hazijengeki papo hapo. Chembe nyingi huwahi kurudi mapafuni kabla hazijapinda. Lakini mwili ukikaukiwa maji, himoglobini husongamana ndani ya chembe na kushikana huenda kasi mno. Kwa hiyo muuguzi anaposema "mnyweshe maji", hasemi kwa mazoea.

Mimi ni AS. Mbona siumwi?

Himoglobini yako ya kawaida imechanganyika na ile yenye valini, na huzuia uzi usijengeke kirahisi. Tena AS humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo sababu imeenea. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta AS kwa watoto wapatao 13 kati ya 100 nchini Uganda. Kusini-magharibi, kwenye milima ya baridi, ni wachache zaidi.

Dawa ya haidroksiyurea inafanya nini?

Huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ambayo umbo lake halikubali kuungana kwenye uzi. Ndiyo hiyohiyo inayomlinda mtoto wa SS miezi yake ya kwanza. Ila dawa hii hupunguza pia chembe nyeupe, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara. Usimpe mwanao vidonge vya mtoto wa jirani.