Rada za ndege za kivita za China: habari yote iko puani

Ukitaka kukadiria uwezo wa rada ya ndege ya kivita, tazama pua yake kabla hujasoma maelezo ya muuzaji. Ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu wa masafa ya redio, na kwa ndege za China kipimo hicho hakijawahi kuniangusha.

Anza na J-7, ndege iliyojengwa kwa kufuata MiG-21 ya Kisovieti, ambayo Tanzania nayo imeirusha kwa miaka mingi. Pua yake ni mdomo mtupu. Hewa ya injini inaingilia mbele kabisa, na katikati ya mdomo huo imesimama koni ndogo ambamo rada yoyote ile lazima ijibane. Antena ndogo hutoa mwali wa mawimbi mpana uliotawanyika, kwa hiyo haioni mbali.

Wahandisi wa kiwanda cha ndege cha Shenyang, China, walilijua tatizo hilo. Katika J-8II, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1984, waliihamishia midomo ya hewa ubavuni ili pua yote ibaki kwa ajili ya antena. Nafasi ikapatikana, ila rada ya kuijaza wakawa hawana. Mwaka 1987 kampuni ya Grumman ya Marekani ikapewa kazi ya kuziboresha ndege hizo kwa rada ya jamii ya APG-66, ile ya F-16, ndege ya kivita ya Marekani. Kisha yakatokea ya Tiananmen, Juni 1989, jeshi la China lilipowaua waandamanaji jijini Beijing. Washington ikasitisha ushirikiano wa kijeshi, na mwaka 1990 China ikajitoa kwenye mpango huo. Kwa maoni yangu, kujitegemea kwa China katika rada kulianzia katika aibu ile, ingawa kabla ya kufika huko kwenye kujitegemea ilibidi wapitie kwanza kwa Warusi: Su-27 zilianza kuwasili mwaka 1992, zikiwa na antena kubwa ya sahani inayogeuzwa kwa mashine.

Sahani ya namna hiyo ina udhaifu wa kimaumbile. Inageuka kushoto na kulia, na kila pitio huchukua sekunde kadhaa. Rubani akitaka kumng'ang'ania adui mmoja, sehemu nyingine ya anga inabaki bila mlinzi. Isitoshe, kitoa mawimbi ni kimoja tu. Kikiharibika, ndege imepofuka.

Rada za sasa, zinazojulikana kwa kifupi AESA, hazina sahani ya kugeuza. Uso wake ni ubao uliopangwa vipande mia kadhaa, au zaidi ya elfu moja, na kila kipande kinatuma na kupokea mawimbi chenyewe. Fikiria watu waliojipanga mstari ufukweni, kila mmoja na jiwe mkononi. Wakirusha wote kwa pamoja kwenye maji yaliyotulia, wimbi litakwenda mbele yao moja kwa moja. Wa kushoto wakitangulia kidogo, wimbi litaelekea kulia. Rada hufanya hivyohivyo kwa umeme, ikiugeuza mwali kwa muda mfupi mno kuliko mota yoyote, na vipande vichache vikifa vingine vinaendelea na kazi.

Hapa pua inarudi tena. Katika masafa ya gigahezi 10, wimbi lina urefu wa sentimita 3, na vipande hupangwa kwa umbali wa takriban nusu ya hapo. Ukubwa wa pua ndio unaoamua idadi ya vipande, hata fundi awe hodari vipi. J-16 na J-20, zenye injini mbili, zina nafasi kubwa kuliko J-10C, iliyoingia kazini mwaka 2018, na JF-17 Block III inayojengwa pamoja na Pakistan ina pua ndogo zaidi ya hizo zote.

Wengine huniuliza: si waongeze nguvu tu? Hesabu inakataa. Mawimbi hufifia yakienda na hufifia tena yakirudi, kwa hiyo kuona mbali mara mbili kunadai nguvu mara 16. Ukiizidisha nguvu mara mbili unapata nyongeza ya asilimia 19 hivi ya umbali, na joto juu yake. Ndiyo sababu watengenezaji duniani wanahama kutoka galiamu asenaidi, mali ghafi ya vipande hivyo, kwenda galiamu nitraidi, inayostahimili nguvu na joto zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya galiamu ghafi duniani huzalishwa China, ambayo tangu Agosti 2023 inadai kibali kabla madini hayo hayajauzwa nje.

Joto ndilo linalowasumbua pia wenye ndege kuukuu. Rada ya AESA kwa kawaida hupozwa kwa kimiminika, na ndege ya zamani haina mabomba hayo wala umeme wa ziada. Kuyaweka ni kuifumua ndege nusu nzima. Kwenye maonyesho ya ndege ya Zhuhai, China, mwaka 2018, taasisi ya rada ya Leihua iliitembeza sokoni LKF601E, rada ya AESA inayopozwa kwa hewa, iingie katika pua zilizokwisha kujengwa. Ni biashara ya akili, lakini hewa hubeba joto kidogo kuliko kimiminika, kwa hiyo mnunuzi anayekwepa mabomba hulilipia hilo katika nguvu ambayo rada yake inaweza kutoa.