Kinanda hakiunguzi pedali ya filta

Mwezi huu pekee wateja watatu wamefika katika karakana yangu hapa Majengo, Dodoma, kila mmoja akishikilia kwamba pedali ya filta ya analojia, yaani kisanduku cha kukanyagwa kinachochuja masafa ya juu au ya chini ya sauti, ni mali ya mpiga gitaa, na kwamba kinanda kikichomekwa humo kitaiunguza.

Hakiiunguzi. Pikapu ya gitaa la umeme, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi, hutoa milivolti mia moja na ushei, ilhali sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, huweza kufika volti 1 na kuzidi, hivyo saketi ya kuingizia sauti, ambayo katika pedali nyingi huendeshwa kwa volti 9, huzidiwa, vilele vya mawimbi vikakatwa na sauti ikatoka na mkwaruzo. Mteja wa mwisho, mpiga kinanda wa kwaya, alipousikia mkwaruzo huo alikwishaifungua pedali kwa bisibisi akitafuta sehemu iliyoungua. Nilishusha volumu ya kinanda hadi robo, nikashikilia kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) ya sauti ya violini, nikaizungusha polepole nobu ya masafa, ile inayopanga filta ianze kukata wapi. Mkwaruzo haukuwapo, na sauti ikafunguka na kufumba kama mdomo unaotamka “wau”. Anza na volumu ya chini, ipandishe hadi mkwaruzo uchomoze, kisha irudishe kidogo. Wapo wanaoupenda mkwaruzo wenyewe, nami sina ugomvi nao. Kinachoiunguza pedali kweli ni waya uliotolewa kwenye tundu la spika la amplifaya, au adapta iliyogeuzwa chanya na hasi, na hayo hakuna anayeniuliza.

Wengine husema filta huongeza besi. Filta ya kupitisha masafa ya chini hupunguza yale ya juu tu, sikio likadhani besi imezidi. Kinachoinua sauti ni resonansi, yaani mkazo ambao filta yenyewe huweka, tena karibu na pale ukataji unapoanzia.

Wapiga gitaa nao hulalamika kwamba filta yao haisikiki. Gitaa safi halina mengi ya juu ya kukatwa, kwa hiyo distoshani, yaani pedali ya mkwaruzo, itangulie izalishe harmoniki, yaani masafa ya ziada ya juu, ndipo filta ipate kazi. Lakini ikiwa pedali yenyewe hufuata nguvu ya mpigo, mpangilio ugeuzwe, kwa sababu distoshani huisawazisha mipigo, na filta isiyoona tofauti ya mpigo mzito na mwepesi hubaki imeganda mahali pamoja.