NEMA: Mamlaka Ambayo Kazi Yake Huanza Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Mkaazi wa Nairobi anapoona takataka zimerundikana kando ya barabara, au maji meusi yakitiririka kuelekea mtoni, mara nyingi huuliza, "Nema wako wapi?" Swali hilo ni la haki, lakini ndani yake mna dhana isiyo sahihi, kwamba mamlaka hiyo ndiyo yenye mafagio na malori ya jiji. Kuzoa takataka ni kazi ya serikali ya kaunti, kama Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linavyoeleza. Misitu ina shirika lake, na wanyamapori wana lao.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi huifahamu kwa kifupisho cha NEMA, iliundwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ikaanza kazi Julai 2002. Neno la kuzingatiwa katika jina la sheria hiyo ni uratibu. Awali, mambo ya mazingira yalikuwa yametawanyika katika sheria za kilimo, maji, misitu na afya ya umma, wala hapakuwa na afisi moja iliyotwikwa jukumu la kuuliza: mradi huu ukijengwa, hewa, maji, udongo na majirani watapatwa na nini? Ndiyo maana mwaka 1989, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kusimama ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, hakuwa na mamlaka ya namna hii ya kupelekea pingamizi lake. Alikwenda mahakamani, na kesi ikatupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi.

Swali hilo la mradi utaleta madhara gani sasa lina jina rasmi: tathmini ya athari kwa mazingira. Mtu anayetaka kuanzisha mradi ulioorodheshwa katika sheria, uwe kiwanda, barabara kuu, machimbo ya mawe au mtaa wa nyumba, hutakiwa kupata leseni ya NEMA kabla ya kuanza kazi. Mtaalamu aliyesajiliwa na mamlaka huandaa ripoti inayoeleza hali ya mahali pale ilivyo sasa, majitaka yataelekea wapi, vumbi na kelele zitadhibitiwaje, na kama kuna njia nyingine ya kufikia lengo lilelile kwa madhara machache zaidi. Umma hualikwa kutoa maoni, kisha mamlaka hutoa leseni, huikataa, au huitoa kwa masharti ambayo mwenye mradi analazimika kuyafuata. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye uzito wote wa taasisi hii, kwa sababu mto ukishazibwa kwa zege, faini haiurudishi. Hapa pia ndipo penye udhaifu unaostahili kusemwa wazi: mtaalamu huyo hulipwa na mwenye mradi, na ripoti inayosomwa kwa haraka huweza kupita ikiwa na kurasa nyingi na ukweli haba.

Mradi ukishakamilika, kazi haikomi. Kuna ukaguzi wa mazingira wa mara kwa mara, viwango vya maji machafu yanayoruhusiwa kumwagwa, na mamlaka ya kutoa amri ya kumlazimisha mharibifu kurejesha mahali palivyokuwa kwa gharama yake mwenyewe. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza ujenzi kando ya mto kwa umbali wa kati ya mita 6 na mita 30, kwa kutegemea upana wa mto na kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Waliohamishwa ukingoni mwa mto Mathare baada ya mafuriko ya mwaka 2024 wanajua mita hizo zina maana gani. Mfano uliofahamika zaidi wa usimamizi wa aina hii ni marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, ambayo adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na ambayo NEMA ilipewa kazi ya kuisimamia.

Mamlaka yenyewe nayo huweza kukosea, na sheria ililiona hilo. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa hukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imeutolea mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, likisema, miongoni mwa mengine, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Juu ya jopo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na mwananchi anayekwenda kulalamika leo hakabiliwi na hoja ile iliyomzuia Maathai: Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba mlalamishi halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kudhurika.