Je, wajua kwa nini mbwa aliyeokolewa humkimbia hata anayemlisha?

Mtoto aliyekulia mitaa ya Tandika au Kawangware anaijua mbinu hii bila kufundishwa na mtu: mbwa wa watu akikujia mbio, huhitaji jiwe la kweli. Inama tu, gusa chini kama unayeokota kitu, uone atakavyogeuka na kutimka. Hufaulu hata kwenye lami isiyo na kokoto. Mbwa hakimbii jiwe, maana hajaliona. Anakimbia mgongo ulioinama na mkono ulioshuka.

Sasa mtu mwenye huruma akimchukua mbwa wa namna hiyo kutoka mtaani au kwenye kituo cha kuokoa wanyama, hufanya nini kwanza? Humfuata alipojibanza, humkazia macho, huinama, kisha hunyoosha mkono ampapase kichwani. Yote ambayo mbwa amejifunza kuyaogopa yameletwa kwa mpigo, tena ndani ya kuta nne na mlango umefungwa. Siku zinapita, bakuli linajazwa asubuhi na jioni, na mbwa bado amefyata mkia chini ya meza. Mwenye nyumba anaanza kunung'unika: nimemtoa jalalani, namlisha maini, mbona ananikimbia mimi?

Sehemu ya jibu iko utotoni mwa mbwa, kabla hamjaonana. Kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza watoto wa mbwa katika Maabara ya Jackson mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Waliona kwamba kuna kipindi kifupi, tangu wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa kwao na kipi ni cha kawaida duniani. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake wakachapisha jaribio ambalo leo lingezua kelele. Waliwaacha watoto wa mbwa wakue na mama zao kwenye viwanja vyenye ua mrefu bila kukutana na binadamu, wakawatoa baadhi kwa zamu, wakiwa na umri tofauti, wakae na watu kwa wiki moja. Wale ambao hadi wiki ya 14 hawakuwa wameguswa na mtu waliwaogopa watu kama wanyama wa porini.

Hakuna aliyekuwa amewapiga. Naliweka wazi hilo kwa sababu tunapenda mno kuwatungia mbwa hadithi. Akibweka kila aonapo kofia, tunasema "huyu alipigwa na mwanamume wa kofia", na tunamchukia mwanamume ambaye huenda hakuwahi kuwapo. Inawezekana kabisa kwamba mbwa huyo alizaliwa nyuma ya ghala, na hadi miezi mitatu hakuwahi kuona kofia, ngazi, mwavuli wala mtoto anayekimbia. Kwake kila kigeni ni hatari mpaka kithibitike vinginevyo. Tena kuna woga wa kuzaliwa nao. Dmitry Belyaev, mtaalamu wa urithi wa Kirusi, alianza mwaka 1959 kule Siberia, karibu na Novosibirsk, kuwazalisha mbweha akichagua kila kizazi wale wasiomwogopa sana mtu. Baada ya vizazi vichache tu walizaliwa mbweha wanaotikisa mkia na kulamba mikono ya watunzaji. Kama upole unarithiwa hivyo, na woga unarithiwa.

Sehemu ya pili ya jibu ni ngumu zaidi kuikubali: woga uliokwisha kujifunzwa haufutiki. Ivan Pavlov, Mrusi yule wa mbwa na mate, alilidokeza mapema bila kukusudia habari za woga. Aliwazoesha mbwa kutarajia chakula wasikiapo mlio fulani, kisha akaupiga mlio mara nyingi bila chakula hadi mate yakakoma. Mbwa wakapumzika. Mlio ulipopigwa tena, mate yakarudi. Somo la zamani lilikuwa bado lipo, limefunikwa tu na somo jipya. Watafiti waliokuja baadaye wakaona hali ileile kwa woga, ambao sehemu kubwa husimamiwa na amigdala, kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachofanya kazi haraka kuliko fikra. Amigdala haipendi kuchambua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mbwa aliyefukuzwa kwa fagio atamshuku kila mwenye mti mkononi, ukiwemo mwiko wako wa ugali.

Kama haufutiki, unafunikwaje?

Mfano mzuri wa zamani haukutoka kwa mbwa bali kwa mtoto. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, aliyefanya kazi yake New York, alieleza habari za mtoto aliyemwita Peter, wa miaka karibu mitatu, aliyeogopa sungura. Peter alikalishwa kula chakula anachokipenda, na sungura akaletwa ndani ya tundu na kuwekwa mbali kiasi cha kutomkatisha kula. Tundu likawa linasogezwa kidogo kidogo, kikao baada ya kikao, mpaka Peter akamwacha sungura amng'ate-ng'ate vidole. Jones alitahadharisha kwamba kazi hii inataka mkono mwepesi: ukimsogeza sungura haraka mno, mtoto anaweza kuanza kukiogopa chakula chenyewe.

Kwa mbwa ni vivyo hivyo, na wanaofanya kazi hii wanasisitiza mpangilio. Kinachotisha kitangulie, kitamu kifuate papo hapo. Mtu anatokea mlangoni kwa mbali, dagaa zinadondoka. Mtu anaondoka, dagaa zinakwisha. Ukitoa dagaa kwanza halafu ndipo umlete mgeni, mbwa mwerevu atajifunza kwamba dagaa ni dalili ya balaa, na utashangaa siku moja anazikataa.

Kula kwenyewe ni kipimo. Mwili ulioshikwa na hofu husimamisha shughuli za tumbo ili damu iende kwenye misuli ya kukimbilia. Mbwa aliyekuwa anakula vizuri akiacha ghafla kipande cha nyama mbele yako, hajashiba wala haringi. Uko karibu mno. Rudi nyuma mpaka ale. Wapo wanaokula usiku tu, nyumba ikilala, kwa wiki kadhaa.

Hapa ndipo wengi wenye nia njema wanapokosea: wanashika nyama mkononi na kumvuta mbwa kwayo. Njaa inamsogeza, shingo imenyooka, miguu ya nyuma imebaki kule tayari kukimbia. Anainyakua nyama, na nyama ikishaisha anajikuta uso kwa uso na mtu ambaye bado anamwogopa, karibu kuliko alivyokusudia. Baadhi hutimka, baadhi hung'ata. Dawa yake inaonekana kama kinyume cha akili: rusha chakula nyuma yake, upande wa kukimbilia. Anakwenda kukila kule anakojiona salama, kisha anageuka mwenyewe kuangalia kama kuna kingine. Kila hatua anayopiga kuja kwako ameipiga kwa hiari yake.

Hiari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha jambo zima, kuliko chakula na kuliko upendo. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ya kusikitisha. Mbwa wa kundi moja walipigwa na shoti za umeme walizoweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi jingine walipigwa na shoti zilezile, lakini lolote walilofanya halikusaidia. Baadaye wote wakawekwa kwenye sanduku ambamo kuruka kizuizi kifupi kulitosha kuepuka umeme. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala wakalia tu, wakisubiri uishe. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mbwa hao walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti haohao wawili waligeuza maelezo yao: kunyong'onyea, walisema, ndiyo hali ya asili ya kiumbe chenye mateso ya muda mrefu, na kinachojifunzwa ni kuwa matendo yako yanaweza kubadili jambo.

Ukilitazama hilo, utaelewa kwa nini kumshika mbwa mwoga kwa nguvu na kumpapasa "mpaka azoee" ni kumdanganya mtu wala si kumponya mbwa. Baada ya dakika kumi anaacha kuhangaika, na aliyemshika anatangaza ushindi. Mara nyingi mbwa huyo hajatulia, amekata tamaa. Mtazame mdomo: umefungwa kwa nguvu, anajilamba pua bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa macho unaonekana pembeni, mwili mgumu kama ubao. Mpapase chini ya kidevu au kifuani sekunde tatu, kisha ondoa mkono. Akisogea, anataka tena. Akibaki palepale au akageuza kichwa, ameshakujibu.

Wamarekani walipata somo kubwa la haya mwaka 2007, polisi walipovamia shamba moja katika kaunti ya Surry, Virginia, lililokuwa la Michael Vick, mchezaji maarufu wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Pale Vick na wenzake waliendesha mapigano ya mbwa. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwaua mbwa wote wa kesi za aina hiyo, kwa imani kwamba hawatibiki. Safari hii mahakama iliagiza wapimwe mmoja mmoja. Kati ya mbwa karibu 50, mmoja tu aliuawa kwa ajili ya ukali. Wengi wa waliobaki hawakuwa wakali hata kidogo, walikuwa waoga: walijilaza chini na kujibandika sakafuni mtu akiingia. 22 kati yao walipelekwa kwenye hifadhi ya Best Friends, Kanab, jimbo la Utah, na wengine kwa mashirika mbalimbali. Wengi waliishia majumbani mwa watu, baadhi wakilala kitanda kimoja na paka.

Njia iliyotumika kwa mbwa wa namna hii haina miujiza: ratiba isiyobadilika, watu walewale, na mara nyingi mbwa mwingine mtulivu. ASPCA, shirika la Marekani la kuwatetea wanyama, lenye kituo cha mbwa waoga kupindukia huko Weaverville, North Carolina, huwatumia mbwa wasaidizi wanaowapenda watu. Mwoga humtazama mwenzake akimwendea binadamu bila kudhurika, naye hujaribu.

Ukimleta kwako, mpe pembe moja ya nyumba yenye mgongo wa ukuta na njia ya kutokea, mbali na mlango mkuu, na usimfuate humo. Kaa sakafuni ubavu ubavu, soma gazeti lako. Wageni waahirishwe. Geti ndilo hatari kubwa ya siku za kwanza. Mbwa mwoga akiponyoka haji akiitwa, maana bado hajui kuwa wewe ndiye wake, na barabarani bodaboda hazimsubiri. Atembezwe na kamba mbili, moja kwenye ukosi na moja kwenye mkanda wa kifuani. Kumfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku, kama ilivyozoeleka kwa mbwa wa ulinzi, humwondolea kile kidogo alichokuwa nacho cha kukwepa, na asiyeweza kukwepa hung'ata. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwanzo kabisa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali, hata kama limeonekana dogo.

Vituo vya Marekani hutaja hesabu ya tatu-tatu-tatu: siku 3 za kuduwaa, wiki 3 za kuizoea ratiba, miezi 3 ya kuanza kujiona yuko kwao. Ni kauli ya wazoefu wala si kanuni ya kisayansi, na kwa mbwa ambaye hakuwahi kuguswa na mtu utotoni naiona fupi mno. Inachofaa ni kuwazuia watu kumrudisha mbwa kituoni siku ya nne.

Tena njia haiendi kwa mstari ulionyooka. Mbwa aliyekuwa akikupokea getini anaweza kurudi chini ya meza baada ya fataki za mwaka mpya, au kuhama nyumba, au fundi kugonga ukuta siku nzima. Ndiyo mate ya Pavlov yaliyorudi. Huanzi upya; unarudi umbali wa nyuma kidogo, na kwa kawaida mara ya pili huenda haraka. Kwa wachache ambao hofu haishuki hata wakiwa peke yao, daktari wa mifugo anaweza kuandika dawa za wasiwasi, fluoksetini ikiwa mojawapo, zitumike sambamba na mazoezi.

Na wapo wasiofika. Wawili kati ya mbwa wa Vick mahakama iliamuru wabaki Kanab maisha yao yote. Mbwa anayeweza kuishi vizuri na mzee mmoja kwenye nyumba yenye ukimya anaweza kuteseka kwenye nyumba ya watoto watano na redio. Kituo makini kitakuambia mapema mbwa wake ni wa aina gani. Kisipokuambia, uliza swali moja: anakula mbele ya watu, au husubiri mpaka waondoke?